Nimeinua Vigo inchi 2 kwa mikono yangu: je, nimeiharibu?

Mwangaluka! Karibuni tena, karibuni sana. Leo tuko Nyegezi, uwanjani kwa fundi wangu, na kama mnanisikia vizuri kuliko siku zote ni kwa sababu nimenunua maiki mpya. Ile video ya Kayenze upepo wa ziwa ulimeza nusu ya maneno, mkanisema, na mlikuwa na haki. Sasa sikilizeni.

Hii ni Vigo yangu, pikapu ya Toyota Hilux, mnaijua, habari za injini sizirudii. Wiki tano zilizopita niliiinua hapa hapa kwa spesa hizi. Mdogo wangu, sogeza kamera. Hiki hapa ni kibamba cha alumini, kizito kiasi, kina matundu ya bolti, unene milimita 25. Viko viwili vya mbele, vinakaa juu ya shokapu. Nyuma unapewa vyuma virefu vinavyoning'iniza springi kwenye chesisi. Seti nzima nimetoa laki 2 na elfu 20. Na swali lenu ni moja kila mkinikuta njiani: kaka, hiki kitu kinaua gari?

Kwa kiasi hiki nilichoinua, hapana, hakiui. Nimezunguka nayo wiki tano, nimepanda nayo zile njia za mlimani Mabatini ambako mawe ndiyo barabara yenyewe, nimeshuka nayo mialoni kwenye tope, na tumbo halijagusa jiwe hata mara moja. Nimefurahi, siwafichi. Lakini kuna jambo limenikera sana kwenye hii seti, nitalionyesha taratibu, msiondoke.

Kwanza mbele. Nilipima kwa futi kamba kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa bodi: sentimita 51. Baada ya kufunga, 55 na nusu. Ona hapo: kibamba ni milimita 25, gari limepanda 45! Hakuna uchawi. Shokapu na koili yake vimekaa katikati ya mkono wa chini, tairi liko mwisho wa mkono. Ni kama mlango: ukisogeza katikati ya ubao kidogo, ukingo unakwenda karibu mara mbili. Kwa hiyo ndugu yangu ukienda dukani ukaomba spesa ya milimita 50 ukidhani unapata inchi 2, unapata karibu inchi 4, na hapo ndipo gari linapoanza kuumia. Draivushafti, kile chuma kinachozungusha tairi la mbele, inakaa kwa pembe kali, buti la mpira linaloifunika linajikunja, linapasuka, grisi inatoka, mchanga unaingia, halafu ukikata kona unasikia tak-tak-tak. Boljointi, vile viungo vya tairi na mikono yake, nazo zinafika mwisho wa mchezo wake. Fundi wangu amewahi kuletewa gari lenye spesa mbili zimebebanishwa upande mmoja. Ukiliinua kwa jeki, mkono wa juu unakuja kulala kwenye koili. Chuma kwa chuma.

Na ukifunga mwenyewe: hizi nati tatu za pembeni, hapa juu ya shokapu, ndizo unazofungua. Hii ya katikati, naiwekea kidole mwione vizuri, USIIGUSE. Inashikilia koili iliyobanwa kwa nguvu kubwa. Ukiifungua bila kifaa cha kubana springi, inaruka na inaweza kukutoa uhai. Nasema hivyo nikimaanisha.

Sawa, tuje nyuma. Hapa ndipo penye hasira yangu. Lala chini na kamera, kaka, shika tochi, mulika juu ya ekseli. Mnaona hiki kifimbo chembamba? Kinatoka kwenye ekseli, kinapanda hadi kwenye ile vali pale kwenye chesisi, na mipaipu ya breki inaingia na kutoka humo. Gari nyingi za mzigo za aina hii zinacho. Kazi yake ni kupima mzigo. Ukipakia, nyuma ya gari inashuka, chesisi inakaribia ekseli, kifimbo kinasukumwa, vali inaruhusu presha zaidi kwenda breki za nyuma. Gari likiwa tupu, nyuma inapanda, vali inabana presha ili matairi ya nyuma yasifunge na gari kuzunguka.

Sasa fikirieni. Nimeweka vyuma virefu, chesisi imepanda mbali na ekseli. Vali inaona nini? Inaona gari tupu. Hata nikipakia matenga ya sangara na barafu, bado inaniona nina nafasi kubwa pale chini, kwa hiyo breki za nyuma zinapewa presha pungufu kuliko zinavyostahili. Na kwenye boksi la hii seti hakuna hata mstari mmoja unaosema hilo! Kuna karatasi ina picha ya gari jangwani, basi. Aliyeniuzia nilipomuuliza akaniambia "hiyo haina shida". Ina shida.

Niliijaribu. Tulipakia mifuko 10 ya saruji, kilo 500, tukaenda kwenye barabara tupu ya changarawe, mwendo wa 40, nikakanyaga. Pua ilizama chini kama ng'ombe anayekunywa maji, matairi ya mbele yakachimba changarawe, nyuma imekaa tu kama haihusiki. Tukarudi, fundi akalegeza kishikio cha kifimbo, akakipandisha kufuata kiasi ambacho nyuma imepanda, akapima, akakaza. Mzigo ule ule, barabara ile ile. Gari likakaa chini lote kwa pamoja, nikasimama hatua nne nzima kabla ya pale niliposimama mara ya kwanza. Hatua nne ni mtoto anayevuka barabara, jamani.

Na kuna mafundi wanaofunga kifimbo kwa waya kikiwa juu kabisa, wakidai "breki zote ziwe kali". Wasikuguse gari. Siku ukiwa tupu, mvua imenyesha, ukakanyaga kwenye mteremko, nyuma inafunga na inataka kukupita mbele.

Nilikuwa nasema nini... ndiyo, wili alaimenti, kupima na kunyoosha mkao wa matairi. Siku ya pili tu baada ya kufunga nilikwenda Sengerema bila kupima. Kosa. Pale juu ya Daraja la Magufuli, lile la Kigongo na Busisi lililozinduliwa Juni 2025, kilomita 3 maji kushoto maji kulia, upepo unapiga ubavuni, usukani ulikuwa mwepesi na unatangatanga, ukikata kona haurudi wenyewe. Ukiinua mbele, tairi linabadilisha jinsi linavyosimama, na mhimili wake unapoteza ule mwinamo unaorudisha usukani. Ukiendelea hivyo, ukingo mmoja wa tairi unaisha na katikati bado kuna kashata. Nimelipa elfu 50, vipimo vimerudi sawa, usukani umetulia. Na taa pia zishusheni, mbele imepanda kuliko nyuma, mtawaunguza macho wenzenu usiku.

Kuhusu zile seti kamili, koili mpya na shokapu mpya, kama Old Man Emu ya Australia: ni nzuri zaidi, hilo silibishi, shokapu zake zimetengenezwa kwa urefu huo. Bei yake lakini ni ya mtu mwingine. Nilikuwa nawaambia watu wasubiri wachange. Nimebadilisha mawazo kidogo: kwa inchi 2 na shokapu nzima, spesa zinatosha. Kama shokapu zako zinavuja, usinunue spesa, nunua shokapu. Na mwenye Land Cruiser mkonga msiniulize kuhusu hizi, ile ina ekseli nzima mbele, hesabu yake ni nyingine kabisa.

Kwa hiyo piga hesabu na mimi: laki 2 na 20, alaimenti elfu 50, fundi wa kifimbo elfu 30. Laki 3 kamili, siyo ile bei ya dukani. Nikifika kilomita 5,000 nitalala tena chini ya gari hili na tochi, tuangalie mabuti kama yameanza kupasuka. Wiki ijayo tunafungua gia boksi ya Noah moja iliyoletwa hapa kwa kamba. Bonyeza kengele. Mdogo wangu, zima, mvua inakuja kutoka ziwani.