Kalibu ya silikoni ya kutengenezea chambo laini: uzoefu wangu wa miezi minane

Ukivua kwa chambo laini cha plastiki kwenye hori ya Mtwapa, bunju unamjua. Changu hajaonja, kolekole hajapita, bunju ameshakata mkia kama kwa mkasi. Kuna asubuhi nilirudi na samaki wawili na pakiti nzima ya chambo visivyo na mikia. Siku hiyo hiyo niliagiza mtandaoni seti ya silikoni ya kutengenezea kalibu: chupa A na chupa B, nusu kilo kila moja, unachanganya sawa kwa sawa kwa mizani. Bei yake ni kama ya pakiti sita za chambo cha dukani.

Nilitaka kalibu ya kamba, ya vipande viwili. Unamlaza kamba wako wa mfano kwenye udongo wa kuchezea watoto, azame nusu, unamzungushia kisanduku, unamimina silikoni juu. Ikishika unaugeuza mzigo wote, unatoa udongo, unamimina upande wa pili. Nilifanya hivyo, nikaacha usiku kucha. Asubuhi silikoni ilikuwa imekaza juu, lakini pale ilipogusana na udongo ilibaki inanata kama asali. Nikadhani nimekosea vipimo. Nikarudia kwa makini zaidi, yakawa yale yale.

Tatizo lilikuwa udongo. Silikoni hii ni ya aina inayokazwa kwa platinamu, na salfa iliyomo kwenye baadhi ya udongo wa kuchezea huizuia isikaze. Glavu za lateksi nazo huleta shida hiyo hiyo. Karatasi ya maelezo haikugusia hata neno moja, na mimi nimeshamwaga karibu robo ya seti. Nilipopata udongo usio na salfa, kalibu ilitoka mara ya kwanza, na miguu ya kamba ikaonekana mmoja mmoja.

Mambo mawili niliyoyapata kwa kazi yenyewe. Kabla ya kumimina upande wa pili, paka ule wa kwanza mafuta ya mgando, kila pembe, maana silikoni hushikana na silikoni na hutaweza kuzitenganisha bila kisu. La pili, karatasi inasema una nusu saa kabla haijaanza kukaza. Kwa joto la Februari huku pwani, mimi ilianza kuvuta baada ya dakika 20. Changanya asubuhi na mapema, na umimine kutoka juu, uzi mwembamba, kwenye kona moja tu, ili viputo vikatikie njiani.

Kupika plastisoli, ile plastiki ya majimaji inayomiminwa kwenye kalibu kuwa chambo, ndiko ninakokupenda zaidi. Inaanza nyeupe kama maziwa. Ukiipasha polepole inakuwa nzito kama uji uliolala, unaona kama imeharibika, kisha inalegea tena na kuangaza mpaka unaona chini ya sufuria. Hapo kipimajoto kinasoma kama nyuzi 175, na ndipo pa kumimina. Usiiache iungue: moshi wake una tindikali na unakaba koo. Mimi napikia nje, upande upepo unakotoka, kwa sufuria ambayo hairudi tena jikoni.

Nilijaribu pia jipsam, kwa sababu jirani yangu ni fundi wa dari na unga alinipa bure. Kwa minyoo na mikia ya bapa, kalibu ya wazi ya upande mmoja inatosha kabisa, na kama ndiyo mara yako ya kwanza anza nayo. Ila ikaushe. Mimi niliianika siku mbili nikaona tayari. Fundi akaiweka shavuni, akasema, "Bwana, hii bado baridi, ina maji ndani. Utajichoma." Plastiki ya moto ikikutana na unyevu, mvuke hutoka kwa nguvu na kuirusha. Niliianika wiki nzima, nikaipaka gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji mara tatu, ndipo nikaitumia. Ilitoa chambo safi, lakini baada ya mwezi kingo zikaanza kumeguka.

Ya silikoni ina miezi minane sasa na haijachanika. Ndevu za kamba hazitoki, ni nyembamba mno, na kolekole hajali. Waliokatwa na bunju nawaosha, nawakausha kabisa, nawayeyusha upya, wanarudi baharini wakiwa wameiva rangi kidogo.

Nimenunua seti ya pili, nataka kalibu ya ngisi. Muuzaji nilimwandikia aongeze mstari mmoja tu kuhusu salfa. Imekuja na karatasi ile ile.