Uzoefu wangu na Nim: C inayotoka inabebeka, ila ina masharti

Nim ni lugha ya programu ambayo kompaila yake huandika programu yako upya kwa C, kisha huziachia gcc au clang, kompaila za C, kazi iliyobaki. Naitumia (toleo la 2) kwa programu za terminali zinazokwenda kwenye bodi ndogo zenye prosesa za ARM ambazo hazina Nim kabisa. Naipa 4 kati ya 5.

Amri yenyewe ni hii:

nim c --compileOnly --genScript --os:linux --cpu:arm --nimcache:c_arm -d:release kuu.nim

Ndani ya c_arm utakuta faili za .c, kwa kawaida moja kwa kila moduli iliyotumika, na skripti compile_kuu.sh. Kabla hujaibeba folda hiyo, hakikisha nimbase.h (faili ya vichwa ambayo C yote ya Nim huitegemea) imo; kama haimo, ichukue kwenye folda ya lib ya Nim. Huko iendako inatosha kompaila ya C tu. Hata Nim yenyewe hujengwa hivyo: skripti yake ya kuijengea, build_all.sh, huanza na C iliyokwisha kuzalishwa.

Sasa masharti. C hiyo imefungwa kwenye mfumo endeshi na prosesa uliyotaja. Kila "when defined(windows)" imeshaamuliwa kabla C haijaandikwa, na ukubwa wa int umeshapigwa muhuri. Ukizalisha kwa amd64 (biti 64) kisha ukakompaili kwenye mashine ya biti 32, nimbase.h inagoma papo hapo kwa kosa la ukubwa wa pointa (na heri igome hapo kuliko programu ikubali kuwaka). Zalisha folda moja kwa kila jozi ya --os na --cpu, basi.

Ukiandika Makefile yako badala ya kutumia skripti, usiiache -fno-strict-aliasing. Bila hiyo, gcc kwenye -O3 (uboreshaji wa kasi) hudhani pointa za aina mbili hazigusi kumbukumbu moja, dhana ambayo C ya Nim haijaiahidi. Ubaya wake ni kwamba kwenye -O0 (bila uboreshaji) kila kitu kinakwenda sawa. Kwa glibc (maktaba ya msingi ya C kwenye Linux) ya kabla ya 2.34 ongeza pia -ldl, la sivyo dlopen, kitendaji kinachopakia maktaba programu ikiwa inaendeshwa, haitapatikana wakati wa kuunganisha.

Hiyo dlopen ina mtego wake. Moduli ya re (ya kutafuta ruwaza kwenye maandishi) huitafuta maktaba ya libpcre programu inapowaka, si inapounganishwa. Kukompaili kunapita, ldd, zana inayoorodhesha maktaba ambazo programu inahitaji, haionyeshi upungufu wowote, halafu kwenye bodi unapata "could not load". Weka maktaba hiyo kwenye bodi mapema.

Tangu 2.0 kumbukumbu husimamiwa na ORC, mfumo wa kuhesabu marejeleo ambao pia hufuta mizunguko. Kwa bodi isiyo na mfumo endeshi, tumia --mm:arc --os:any -d:useMalloc -d:noSignalHandler, ukijua kuwa ARC, yaani mfumo huo bila sehemu ya mizunguko, haifuti vitu vinavyorejeleana kwa mzunguko, hivyo vitavuja. Ukiiita Nim kutoka programu ya C, kompaili kwa --app:staticlib --noMain, na NimMain() iitwe kwanza, mara moja, la sivyo vigeu vya jumla havijaandaliwa.

Alama niliyoipunguza ni ya usomaji. Majina ndani ya C yamebandikwa jina la moduli na namba, na -w iliyowekwa tangu mwanzo hunyamazisha maonyo yote ya gcc. Kutafuta kosa humo kwa macho ni kupoteza siku. Kompaili kwa --debugger:native, gdb, zana ya kutafutia makosa, ikuonyeshe mistari ya Nim.