Ufuoni au nyumbani: harusi ya Kisumu

Dada, ukiniuliza mimi, anza na mahali kabla ya gauni. Bustani za ufuoni mwa Ziwa Victoria, upande wa Dunga, hutoa picha usizozipata kwingine: jua linazama ziwani karibu saa kumi na mbili na nusu, na gauni jeupe linageuka rangi ya chungwa. Ila unalipia kwa saa, na wageni lazima wahesabiwe. Mvua ya Kisumu nayo hupenda kushuka alasiri, hasa Machi hadi Mei. Uliza kama kuna ukumbi wenye paa kabla hujatoa hata shilingi.

Nyumbani hakuna anayehesabu. Mashangazi wanaamka usiku kuwasha moto, sufuria za pilau zinapangwa chini ya mwembe, na jirani asiye na kadi anakula. Lakini hema, viti, jenereta na maji ni juu yako. Sisi tulikodi hema lisilo na kuta. Upepo ulipoleta mvua, keki ililowa upande mmoja, mama akaifunika kwa leso yake.

Bado ningechagua nyumbani. Nyanya yangu hangeiweza safari ya mjini, na siku ile alikaa kiti cha mbele.