reacTIVision: napiga biti kwa kopo la kiwi na kikombe cha kahawa

Wakuu, kama unatengeneza muziki na umechoka kubofya mausi usiku kucha, jaribu hii. reacTIVision ni programu huria, ya bure kabisa, inayotumia kamera kutambua vitu vilivyo juu ya meza, Martin Kaltenbrunner na Ross Bencina waliitengeneza kwa ajili ya Reactable, ile meza ya muziki iliyoanzia chuo kikuu cha Pompeu Fabra kule Barcelona mwaka 2003, mwanamuziki Björk wa Iceland akazunguka nayo kwenye ziara yake ya 2007. Meza yao sina, nimejiundia ya kwangu.

Kamera inakaa chini ya kioo cha meza inaangalia juu. Unaprinti vialama vyeusi na vyeupe vyenye umbo kama amiba unabandika kwenye kitako cha chochote ulichonacho ndani, na kila alama ina madoa ndani ya madoa kwa mpangilio wake, ndo maana programu inajua hiki ni kipi, kiko wapi, kimezungushwa kiasi gani, alafu inapeleka taarifa Pure Data, programu ya kutengenezea sauti, ambako sauti zangu zote zipo.

Mi ni mtu wa singeli. Kopo la kiwi ndo spidi, ukilizungusha biti inapanda, na projekta inachora duara pembeni yake linajaa kadiri unavyozungusha. Kikombe cha kahawa ni besi. Kifuniko cha chupa ya chai kinaongeza na kupunguza sauti. Kiukweli raha yake ni kwamba mkono unajua umeshika nini bila macho kusaidia, yani namwangalia MC usoni huku napandisha spidi, kitu ambacho skrini ya kugusa hainipi kabisa maana pale kote ni kioo kitupu, lazima uinamie. Na mnacheza wawili, mdogo wangu kashika besi mi nimeshika kopo, akinyanyua kikombe besi inakata hapo hapo, hata mgeni anaelewa bila kufundishwa.

Kinachosumbua ni mwanga. Picha za projekta zinaivuruga kamera, kwa hiyo chini ya meza unaweka taa za infraredi, yani mwanga ambao macho yetu hayauoni, na kamera lazima utoe ile filta yake ya kuzuia infraredi. Sasa jua nalo lina infraredi nyingi, mchana dirisha likiwa wazi alama zinapotea na biti inarukaruka, funga mapazia au piga kazi usiku.

Na alama printi steshenari yenye printa ya leza. Wino wa printa nyingi za injeti unapitisha infraredi, wewe unaona nyeusi tii, kamera inaona karatasi tupu. Anza na alama kubwa, sentimita 8 hivi, kamera ikizishika vizuri ndo upunguze.