Mtego wa Nzi wa Matunda: Unanasa Sana, Lakini Madume Tu

Msimu uliopita nilinunua mitego mitatu ya nzi wa matunda katika duka moja la pembejeo jijini Nairobi, nikaitundika kwenye miembe yangu sita huko Ruai. Nimeitumia tangu maembe yakiwa na ukubwa wa yai la kuku hadi mavuno, na tathmini yangu ni kwamba chombo ni kizuri, ila kinauzwa kwa maelezo pungufu, na upungufu huo umenigharimu matunda mengi.

Mtego wenyewe ni kikopo cha plastiki chenye kifuniko cha manjano na matundu ubavuni. Ndani yake huning'inizwa chambo kilicholoweshwa methili yujenoli, harufu ambayo nzi dume haipiti, pamoja na sumu ya kumuua akishaingia. Siku ya nne nilimwaga kikopo cha kwanza juu ya gazeti, nikapata nzi wa kujaa kiganja: kiuno chembamba mithili ya nyigu, mabawa maangavu, michirizi miwili ya manjano mgongoni. Huyo ndiye Bactrocera dorsalis, mgeni kutoka Asia aliyegunduliwa nchini Kenya mwaka 2003. Kwa upande wa kunasa, sina lawama hata kidogo.

Lawama yangu ni kwa muuzaji. Aliniambia, "Mzee, tundika hii tu, funza utawasahau." Hakunieleza kwamba harufu ile huvuta madume peke yao, ilhali anayeharibu embe ni jike, ambaye hutoboa ganda na kutaga mayai chini yake. Wiki ya tano nilikata embe aina ya Apple lililoiva vizuri, lisilokuwa na dosari ila kitone cheusi kama ncha ya sindano, kikiwa na utomvu uliokauka pembeni. Ndani, nyama yote kuzunguka kokwa ilikuwa imegeuka uji wa kahawia, na mabuu meupe yakaanza kujikunja na kurukaruka juu ya kibao mbele ya wajukuu wangu waliokuwa wakisubiri vipande vyao. Niliumia sana.

Kuua madume kunasaidia pale wanapopungua kiasi kwamba majike hukosa wa kupandana nao, jambo ambalo ni gumu kwa mtu mwenye miti sita iliyozungukwa na miembe na mipera ya majirani, kwa kuwa jike aliyekwisha kupandwa huvuka ua na kuja kutaga tu. Watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichopo hapa hapa Kasarani, wamehimiza kwa miaka mingi kwamba njia kadhaa zitumike pamoja, na muuzaji wa mtego anapaswa kulijua hilo. Mdudu huyu ndiye aliyeifanya Kenya ijizuie yenyewe kuuza maembe katika Umoja wa Ulaya mwaka 2014, hadi usafirishaji uliporejea mwaka 2021. Si jambo la kumweleza mkulima nusunusu.

Nilichoongeza baadaye ni chambo cha protini, ambacho huvuta hata majike kwa sababu wanahitaji chakula hicho ili mayai yao yakomae. Kila wiki nilikipulizia sehemu ndogo ya majani ya kila mti, bila kugusa matunda. Vilevile niliokota kila embe lililoanguka, asubuhi na jioni, nikayafungia katika mifuko ya mbolea iliyotumika na kuiacha juani, maana buu likiachwa hujichimbia udongoni na kutoka likiwa nzi mpya. Maembe yaliyochelewa kuiva, hasa ya Kent, yalipona kwa wingi.

Kwa atakayenunua mtego huu: paka grisi kwenye waya wa kutundikia, la sivyo siafu watabeba nzi waliokufa nawe udhani haunasi. Chambo cha ndani ya mtego kilipungua nguvu baada ya wiki sita hivi, na cha kubadilisha huuzwa kando. Msimu ujao nitaununua tena, lakini chambo cha protini kitatangulia.