Daraja la kuning'inia au la nyaya za mshazari?
Barabara kuu ikifika kwenye mto mpana wenye meli, nguzo nyingi majini hazifai. Daraja la kuning'inia hubebwa na nyaya mbili nene zinazopita juu ya minara, na mvuto wake huishia kwenye nanga kubwa za zege ukingoni. Hapo ndipo fedha huzama, hasa udongo ukiwa laini.

La mshazari halihitaji nanga hizo. Kila waya hutoka mnarani moja kwa moja hadi barabarani, na barabara huongezwa kipande kwa kipande huku na huku, kama mizani. Mimi nalipenda hili: waya ukichakaa, hubadilishwa huo tu.

Kwa urefu, hata hivyo, linashindwa. Daraja la mshazari la Russky, Urusi, lina mita 1,104 kati ya minara. Çanakkale, Uturuki, la kuning'inia, lina 2,023.