Unakodi seva pepe? Uliza kwanza kadi yake ya mtandao ina foleni ngapi

Fungua ukurasa wa bei wa muuza seva pepe yeyote, utakuta mambo manne: prosesa, RAM, diski na kasi ya mtandao. La tano halitajwi, nalo ndilo lililotutesa sisi: aina ya kadi pepe ya mtandao na idadi ya foleni zake, yaani njia ambazo pakiti za data hupitia kuingia na kutoka.

Tulikuwa tumekodi seva ya prosesa 4 kwa mfumo wa kutazama matokeo ya wanafunzi. Jioni ambayo wazazi waliingia kwa mpigo, kurasa zikagoma. Nikaandika `mpstat -P ALL 1`. Prosesa ya 0 ilikuwa imefika asilimia 100, karibu yote kwenye safu ya `%soft` (muda ambao kerneli, kiini cha Linux, inashughulikia kazi kama pakiti za mtandao), na zile tatu nyingine zilikuwa zimelala. Nikafungua `/proc/interrupts`, faili inayoonyesha kila kifaa kinaiita prosesa ipi: kwenye mstari wa `virtio0-input.0` namba zilikuwa zinapanda chini ya CPU0 peke yake. Mwisho nikaiuliza kadi yenyewe, `ethtool -l eth0`. Juu, kwenye kiwango cha mwisho inachoruhusiwa, Combined: 1. Chini, kinachotumika, Combined: 1. Tumelipia prosesa nne, zote zinapita mlango mmoja. Muuzaji alipoulizwa alitushauri tununue kifurushi kikubwa zaidi. Tulihama.

Kabla ya kuzipanga kadi kwa ubora, elewa foleni hiyo inavyofanya kazi, kwa kuwa ndiyo unayoinunua. Wanaovuka Kivukoni kwenda Kigamboni wanaijua: pantoni likijaa lango linafungwa, watu wanabaki bandani mpaka lingine lije. Draiva ya virtio, kadi pepe iliyobuniwa kwa ajili ya seva pepe, inafanya hivyo hivyo. Kati ya seva yako na mashine mwenyeji kuna pete ya nafasi, kwa kawaida 256 kwenye QEMU, programu inayoendesha seva pepe kwa mwenyeji. Pakiti inayotoka inakalia nafasi, mwenyeji anaichukua, nafasi inarudi. Nafasi zilizo wazi zikipungua chini ya 19, draiva inafunga lango na kuiambia kerneli isilete pakiti nyingine. Ni 19 kwa sababu pakiti moja kubwa inaweza kuja na vipande 17, na draiva inaweka nafasi mbili za ziada juu yake. Mwenyeji akishatoa mzigo, lango linafunguliwa.

Sasa lango likiwa moja na prosesa ni nne, zote nne zinagombea kufuli moja (ruhusa inayoshikwa na prosesa moja tu kwa wakati) kila zinapotaka kutuma. Upande wa kupokea ndiyo mbaya zaidi: foleni moja inahudumiwa na prosesa moja kwa wakati mmoja, hata kama nyingine hazina kazi. Ndiyo maana nazipanga kadi hivi, kuanzia iliyo bora.

Ya kwanza: virtio-net yenye foleni nyingi. Virtio ni kazi iliyoanzishwa na Rusty Russell, na imo ndani ya Linux tangu 2008. Foleni nyingi ziliingia na kerneli 3.8 mwaka 2013. Kila prosesa inapata foleni yake ya kutuma na ya kupokea, na ugomvi wa kufuli unaisha. Lakini angalia jambo moja: idadi ya foleni inawekwa na mwenye mashine, na wewe uliye ndani huwezi kuivuka. Kwenye Proxmox, mfumo wa kusimamia seva pepe, ni kisanduku kinachoitwa Multiqueue. Kwenye libvirt, mfumo mwingine wa aina hiyo, ni neno `queues` katika maelezo ya kadi. Ni kazi ya dakika moja kwa muuzaji anayetaka kukuhudumia. Ukikuta kiwango cha mwisho ni 4 lakini inayotumika ni 1, andika `ethtool -L eth0 combined 4`, umemaliza.

Muulize pia kama anatumia vhost, sehemu ya kerneli ya mwenyeji inayobeba pakiti za seva pepe, iliyoingia kwenye kerneli mwaka 2010. Bila vhost, pakiti zako zinabebwa na programu ya QEMU yenyewe badala ya kerneli ya mwenyeji, na ucheleweshaji unaongezeka. Na hata vhost inahitaji prosesa ya mwenyeji ili ifanye kazi. Muuzaji aliyejaza wateja kupita kiasi atakuchelewesha hata ukiwa na foleni nane. Dalili unaiona kwenye `top`, herufi `st`: huo ni muda ambao seva yako ilikuwa tayari kufanya kazi, lakini prosesa halisi ilikuwa kwa jirani. Ikikaa juu ya asilimia chache kwa muda mrefu, usilipie mwezi wa pili.

Ya pili: kadi za mawingu makubwa, zile za SR-IOV (njia ya kugawa kadi halisi kwa seva pepe nyingi) au ENA, kadi ya Amazon. Hapa kadi halisi inagawanywa vipande, na seva yako inazungumza na vifaa moja kwa moja. Kwa kasi ya uchi hii inaishinda virtio ya kawaida, na mwenye mfumo wa malipo mwenye trafiki nzito sitamkataza. Amazon ina kituo Cape Town tangu 2020, na ukiwa Dar au Nairobi hilo ni jambo la maana. Naiweka ya pili kwa sababu ya bei, na kwa sababu vifurushi vidogo vina kikomo kisichoonekana kwenye namba kubwa za tangazo. Kasi ya juu unapewa kwa muda, halafu unarudishwa chini. Uzuri ni kwamba draiva ya ENA inakiri yenyewe. Andika `ethtool -S eth0`, tafuta `bw_out_allowance_exceeded` na `pps_allowance_exceeded`. Zikiwa zinapanda, wanakubana wao, wala si programu yako iliyo nzito.

Ya tatu: vmxnet3 ya VMware, iliyotoka 2009. Ni kadi nzuri, ina foleni nyingi, Linux inaijua. Ukiikuta kwa muuzaji wa kampuni za hapa nyumbani, chukua bila wasiwasi.

Ya nne: virtio yenye foleni moja. Kwa seva ya prosesa 1 haina kasoro yoyote, maana foleni ya pili isingekuwa na wa kuihudumia. Kwa prosesa 2 unaweza kuisaidia kwa kuandika `3` ndani ya `/sys/class/net/eth0/queues/rx-0/rps_cpus`, ili kerneli igawe pakiti zilizoingia kati ya prosesa zote mbili. Kwa prosesa 4 andika `f`. Huo ni msaada wa muda. Mlango bado ni mmoja.

Za kukimbia: e1000 na rtl8139. Ya kwanza inaigiza kadi ya Intel 82540EM, na kila seva yako inapogusa rejista yake, kazi inakatizwa ili hipavaiza, programu ya mwenyeji inayosimamia seva pepe, iigize jibu. Ya pili inaigiza kadi ya megabiti 100. Zimebaki kwa ajili ya mifumo ya zamani isiyoijua virtio. Ukiandika `ethtool -i eth0` ukaona `driver: e1000` kwenye seva mpya ya Linux, omba ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Kuna jambo la bafa, nafasi ya pakiti kusubiri, ambalo wauzaji hulitangaza kama sifa. Foleni ya pakiti 1000 za baiti 1500 ni megabiti 12. Kwenye kiungo cha megabiti 1000 kwa sekunde inamalizika kwa milisekunde 12, hakuna anayeiona. Kwenye kifurushi kilichobanwa megabiti 10, foleni hiyo hiyo ni sekunde 1.2 za kusubiri, na mtu anayeandika kwenye SSH anaona herufi zinakuja kwa kuchelewa. Kwa hiyo hakikisha seva inatumia `fq_codel`, mpangaji wa foleni ya pakiti, iliyomo kwenye Linux tangu 2012, ambayo inalenga kusubiri kusizidi milisekunde 5. Ila inafanya kazi pale tu foleni inapojengeka kwako. Muuzaji akikubana kwa kudondosha pakiti upande wake, ndani hutaona foleni yoyote. Hapo jibane mwenyewe kidogo chini ya kikomo chake. Kwa kifurushi cha megabiti 100 mimi huandika `tc qdisc replace dev eth0 root cake bandwidth 95mbit`; `cake` ni mpangaji mwingine wa foleni, anayeweza pia kubana kasi.

Nunua kwa saa kabla ya kununua kwa mwezi. Kodi seva mbili kwa muuzaji huyo huyo, endesha `iperf3 -P 8`, kipimo cha kasi ya mtandao, kati yake huku dirisha la pili likionyesha `mpstat`, kisha rudia kwa `-u -b 0` (pakiti za UDP, bila kikomo cha kasi) ulinganishe pakiti zilizotumwa na zilizofika. Fanya jioni, saa mbili hadi saa nne usiku, wakati majirani zako kwenye mashine hiyo nao wana wateja.